Mlinzi wa Mikoba

Mimi nimeolewa mara mbili, na mara zote mbili na mwanaume yule yule. Mara ya kwanza nilikuwa binti mwenye meno yote; mara ya pili nilikuwa na wajukuu wanaonyoa ndevu. Nikiikumbuka ile ya pili nacheka peke yangu jikoni, mpaka mzee wangu anauliza kutoka barazani kama nimeanza kurukwa na akili. Namjibu kwamba akili ziliruka zamani, siku niliyomkubali yeye.

Majina ya watu wote walio katika habari hii ninayo kichwani. Shule nilikaa muda mfupi, nikatolewa kulea wadogo zangu, basi kichwa kikapata nafasi ya kutunza majina: ya waliozaliwa, ya waliokufa, ya watoto wa darasa letu kwa jinsi walivyokaa. Lakini hapa sitayataja. Wengi wa watu hawa wako hai, na mmoja ameshaniambia kwamba nikimtaja atakuja kula kwangu mwezi mzima.

Kwetu ni Handeni. Baba yangu alikuwa Mwislamu na mama yangu Mkristo, na sisi watoto tuligawanywa kwa amani: wa kiume kwa baba, wa kike kwa mama. Nilibatizwa, nikapata kipaimara, nikashiriki Meza ya Bwana Jumapili chache tu. Kisha akatokea kijana wa Magoma, mtoto wa Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge, kijana anayeendesha baiskeli bila kushika usukani. Mambo yangu yakaishia hapo. Wazee wake wakaleta mahari, mbuzi wakaliwa, bada, ugali wetu wa muhogo, ikasongwa, nikachukuliwa mpaka Magoma, na baadaye tukahamia hapa Masuguru. Ilikuwa ndoa ya kimila, halali kabisa mbele za watu. Kanisani tu ndiko hatukwenda.

Na kanisa letu lina utaratibu wake. Mwanamke anayeishi na mume bila ndoa ya kanisani anakaribishwa kuimba, kufagia, kupika siku za sikukuu, kutoa sadaka, kila kitu. Meza ya Bwana tu ndiyo haisogelei. Siku ya Meza, wenzangu wakiitwa mbele, mimi nabaki kwenye benchi. Sikumlaumu mtu. Lakini nilitamani, jamani. Nilitamani kama mjamzito anavyotamani udongo. Nilitaka kabla sijafa nikaribishwe tena mezani kama mtoto wa nyumbani, si kama mpita njia anayesikia harufu ya chakula cha watu.

Dawa ilikuwa moja: mzee wangu akubali twende madhabahuni, ndoa ibarikiwe. Naye hakutaka kusikia.

"Mbuzi walishaliwa," alikuwa akisema. "Mifupa wakapewa mbwa, na mbwa wenyewe wameshakufa. Sasa nioe nini tena?"

Kilichomkera zaidi ni mafundisho. Kabla ya ndoa kubarikiwa, wawili wanakaa na mchungaji awafundishe maisha ya ndoa, na mchungaji wetu ni kijana mdogo, kwao mbali, hajaoa, mchumba wake yuko chuoni. Mzee wangu aliposikia hilo alicheka mpaka akakohoa. Alisema akitaka kujifunza kuogelea hatamwendea mtu anayeogopa beseni.

Niliomba. Lakini ngoja niseme nilivyoomba. Asubuhi nilimwomba Mungu, na mchana nikatoka kwenda kumsaidia. Nilimtuma mwinjilisti, mzee akamkaribisha chai, wakaongea habari za mahindi mpaka mwinjilisti akasahau kilichomleta. Nikawatuma watoto wetu wampigie simu kwa zamu. Akaizima, akasema betri imekufa. Nikamtuma wifi yangu, dada yake anayemwogopa. Siku hiyo akapanda baiskeli kwenda Magoma kuangalia shamba ambalo halikuwa na kitu cha kuangaliwa. Nikajaribu kumpikia vizuri. Akala vizuri. Nikajaribu kumnunia. Akasema siku hizi nyumba imetulia kweli kweli. Kila nilivyosukuma ndivyo alivyokita miguu, kama punda aliyefika kwenye daraja.

Siku moja nilikuwa namenya muhogo nyuma ya nyumba, nikakumbuka mbuzi wa mahari yangu walivyokabidhiwa. Mjomba wake alikuwa anatoa mbuzi kwa mdomo, "pokeeni, wakwe zetu," lakini kamba haiachii. Mjomba wangu anavuta huku, yeye anavuta kule, wanawake wanapiga vigelegele, mpaka mbuzi mwenyewe akachoka, akakata kamba, akaingia kwenye nyumba ya jirani. Nikacheka na kisu mkononi. Halafu nikajiona. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimfanyia Mungu miaka yote: nampa jambo langu, kamba siiachii.

Nikasema kwa sauti, maana hapakuwa na mtu ila kuku: "Bwana, huyu mzee ni wako. Mimi simsukumi tena. Ukitaka niingie mezani, njia unaijua. Usipotaka, nitakuimbia hapo hapo kwenye benchi."

Nikaendelea kumenya. Sikuona maono wala sikusikia sauti. Ila nilijisikia mwepesi, mwepesi wa kijinga, kama mtu aliyetua ndoo kichwani akadhani anaweza kuruka. Jioni mzee akaniuliza nimefurahia nini. Nikamwambia hakuna. Akanitazama kwa mashaka, na siku zilizofuata alikuwa akitembea nyumbani kwa tahadhari, akitafuta mtego ambao haukuwepo.

Baada ya mavuno goti langu la kulia likavimba, nikashindwa kutembea mpaka kanisani. Bodaboda siipandi, nilishaona inavyopita kwenye mashimo, nikaamua mifupa yangu nizikwe nayo yote. Nikawa nimejiandaa kubaki nyumbani, mara mzee akatoa baiskeli nje, akafunga mto wa kochi kwenye keria kwa mpira, akaniambia nipande.

Masuguru yote ilitoka milangoni. Vijana wakapiga miluzi. Muuza maandazi akatuuliza kama tunatoroka, na kama wazazi wanajua. Mzee anakanyaga pedeli huku anahema, ananiambia nikae sawa, mzigo unaning'inia upande. Mimi nimemshika kiuno, nacheka, na nikicheka baiskeli inayumba, na ikiyumba nacheka zaidi. Tulifika kanisani wameshaanza kuimba.

Kwenda nyumbani na kurudi kungemchosha, kwa hiyo alibaki nje kivulini na baiskeli yake, karibu na dirisha. Na siku hiyo ilikuwa siku ya Meza.

Sasa, kuna desturi iliyojijenga pale kanisani bila mtu kuipanga. Kwa kuwa mimi siendi mbele, kina mama wakiitwa mezani huniachia mikoba yao. Mmoja ananiwekea mapajani, mwingine ubavuni, mwingine miguuni, mwingine ananipa mwavuli, mwingine mtoto. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Mimi mwenyewe niliona ni huduma. Kwaya wana kazi yao, wazee wa kanisa wana yao, nami nina mikoba. Siku hiyo nilikuwa nimefunikwa mpaka kidevuni, natikisa mtoto wa watu kwa mguu ule mzima, naimba.

Wakati wa kurudi mzee alikanyaga pedeli macho mbele. Muuza maandazi alipotutania tena, akampita mbio. Tulipofika mahali penye mchanga akashuka, akawa anasukuma baiskeli mimi nikiwa juu.

"Mama watoto," akasema, "kule ndani wewe ni nani?"

Nikamwambia mimi ni muumini kama wengine.

"Nimeona dirishani. Wenzako wanakwenda kula, wewe unalinda mikoba."

Nikamwambia si neno, lazima mtu alinde. Akasukuma kidogo, akasimama, akanigeukia.

"Mwanamke niliyemtolea mbuzi hawezi kuwa mlinzi wa mikoba. Kesho nakwenda kwa yule mtoto anifundishe."

Nusura nianguke kutoka kwenye keria. Nilijiziba mdomo kwa ncha ya khanga. Niliogopa kwamba nikisema hata neno moja, nitaishika kamba tena.

Alikwenda kweli. Tukakaa mbele ya mchungaji kama wanafunzi. Mchungaji akainuka akamwambia shikamoo babu. Mzee akaitikia marahaba, halafu akasema haelewi utaratibu: kama leo kijana ndiye mwalimu, labda yeye ndiye aliyepaswa kuamkia. Mchungaji akafungua Biblia. Akatufundisha habari ya uvumilivu na kusameheana. Kisha akamuuliza mzee, wao wawili wakikasirikiana huwa wanafanya nini.

"Mimi nakwenda shambani," mzee akasema.

"Na ukirudi ukakuta bibi bado amekasirika?"

"Narudi shambani. Ndiyo maana tuna mahindi."

Mchungaji alijikaza, midomo ikatetemeka, mwisho akafunga Biblia akacheka mpaka akapangusa macho. Kuanzia hapo mafundisho yalikwenda vizuri, na kwa kuwa mzee alibatizwa utotoni tu, mchungaji akamfundisha na ya kipaimara, akampa. Mzee alipenda hata kufika mapema, akaniambia njiani kwamba yule mtoto ana akili, tatizo lake ni umri tu.

Kina mama nao wakasema lazima nifundwe. Nikawaambia nina wajukuu. Wakasema bibi harusi ni bibi harusi. Wakanikalisha kwenye mkeka, wamenifunika khanga kichwani, wakaanza kunipa maneno. Na mimi chini ya khanga nasikia maneno yangu mwenyewe, maana nusu yao nilikuwa somo wao, mimi ndiye niliyewafunda. Mmoja akaniambia mume akirudi kutoka safari nimpokee mzigo kwa tabasamu. Nikamjibu kutoka ndani ya khanga kwamba wangu hasafiri, yuko barazani tu, na hilo ndilo hasa la kuombewa. Mkeka mzima ukalala kwa kicheko.

Yakabaki matangazo. Kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu, mwenye pingamizi aseme. Tulipangiwa kubarikiwa Jumapili ya nne, ndani ya ibada, na siku hiyo hiyo kuna Meza. Jumatano yake Kwaresima inaanza, na Kwaresima kanisa letu halifungishi ndoa. Kwa hiyo tulikuwa tumebanwa, lakini tulikuwa tunatosha.

Jumapili ya tatu mchungaji akasoma majina yetu. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Akasimama mzee mmoja wa kwetu Handeni anayeishi jirani na soko, Mzigua mwenzangu, mtu wa suti, mtu asiyecheka hata ukimtekenya.

"Mimi ninalo," akasema. "Huyu bwana harusi ni Mnyamwezi. Ni mali ya Wazigua. Babu zetu walimwokota babu yake njiani, amechoka na mzigo. Hajatuomba ruhusa."

Watu wakacheka, maana Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na utani wa namna hiyo ni chumvi ya harusi. Lakini utani una kanuni yake: mtani akirusha, mwenzake arudishe hapo hapo. Usiporudisha, mchezo unageuka kesi. Na mzee wangu, ambaye msibani au sokoni angemjibu kabla hajamaliza, alikaa kimya mdomo wazi. Alikuwa mgeni kanisani. Hakujua kama ndani ya ibada mtu anaruhusiwa kujibu.

Mchungaji naye akatazama. Anaujua utani wa msibani, kwao pia upo. Hakujua kwamba huku kwetu mtani huingia nao mpaka mbele ya madhabahu. Aliona mzee wa suti amesimama na uso mkavu, ametamka pingamizi, na mtuhumiwa hana jibu. Na waumini wanacheka kanisani. Akakunja karatasi yake. Akasema tangazo linasimama mpaka wazee wa kanisa wakae, na kikao chao kiko ndani ya Kwaresima.

Ibada ilipoisha nikamtafuta yule mtani wa mzee wangu aende akafute maneno yake. Alikuwa ameshapanda gari kwenda msibani huko ndani Handeni, ambako simu haishiki.

Tukarudi nyumbani. Mzee akaketi barazani, hataki chakula. Mimi najua mtu wangu: moto wake ni wa mabua, ukiuacha usipeperushwe unazimika. Kutoka hapo mpaka baada ya Pasaka angekuwa amepata sababu mpya, na sababu zake huwa nzuri. Vidole vyangu vilikuwa vinawasha. Nilishafunga kitenge kiunoni ili niende kwa mwinjilisti, kisha kwa wifi, kisha kwa wazee mmoja mmoja. Nikafika mlangoni. Nikarudi nikakaa kitini, nikaikalia mikono yangu, mkono huu na huu, kama mtoto aliyekatazwa kugusa sukari.

"Bwana," nikasema, "kamba iko kwako. Ona, mikono nimeikalia."

Sisemi kwamba nilikuwa shujaa. Yapo mengine niliyoyaomba kwa machozi hayakuja. Mtoto wetu wa tatu tulimzika, na goti linauma mpaka leo. Mungu hakunipa risiti ya kwamba nikingoja vizuri nitapata. Lakini pale kitini niligundua jambo lililonishangaza: sikuwa na hofu. Nilitaka Meza vile vile kama zamani, pengine zaidi, ila nilijua kwamba hata nikikosa, mwenye Meza ananijua jina. Halafu kikanijia kicheko. Fikiria, bibi wa umri wangu amewekewa pingamizi la ndoa, amekalia mikono yake peke yake sebuleni. Nikacheka mpaka kiti kikalia.

Nilipotoka kumwambia mzee tucheke wote, baraza lilikuwa tupu. Baiskeli haipo. Nikasema basi, amekwenda Magoma, kwenye lile shamba la kukimbilia. Nikapika, kwa sababu hata anayekimbia hurudi na njaa.

Alirudi jua linapungua, na mchungaji yuko nyuma yake anatembea kwa miguu. Hakuwa amekwenda Magoma. Alikuwa amekwenda nyumbani kwa mchungaji, yeye aliyekataa kusukumwa na ukoo mzima, kwenda kumpigia magoti kijana wa umri wa mjukuu wake. Mchungaji ndiye aliyenisimulia, mzee akijifanya anaangalia mnyororo wa baiskeli.

Mzee alimwambia kwamba yule mwenye pingamizi ni mtani wake, na kosa ni lake yeye, hakujibu. Mchungaji akamwelewa, lakini akasema neno lilitamkwa mbele ya kanisa, ni lazima wazee wakae. Kwa nini wasingoje tu mpaka Pasaka?

"Na babu akaniambia," mchungaji akasema, "'Mimi naweza kungoja, nimezoea kukaa nje. Huyu mwenzangu amengoja vya kutosha.'"

Mchungaji hakuweza kulala na neno hilo, ndivyo alivyosema, japo ilikuwa bado mchana. Akawapigia wazee wa kanisa wote simu pale pale. Kila aliyepokea alicheka kabla hajamaliza kueleza. Wao walidhani mchungaji ndiye aliyekuwa anatania. Kikao kikaisha kwenye simu. Sharti likawa moja: kwa kuwa pingamizi lilitolewa hadharani, jibu nalo litolewe hadharani, kabla ya viapo.

Mzee wangu hakufanya kazi wiki nzima. Alikuwa anatunga.

Jumapili ikafika. Wajukuu walikuwa wameniletea gauni jeupe na shela, nikawaambia nitaonekana kama chandarua kilichotoka dukani. Wakanivika hivyo hivyo. Kaka yangu alikuja kutoka Handeni na kanzu na kofia yake, akanishika mkono kuniingiza kanisani. Alininong'oneza kwamba hii ni mara ya pili anaitoa bidhaa hii, na safari hii mteja asijaribu kuirudisha. Nilianza kucheka mlangoni, sikunyamaza vizuri tena.

Mchungaji akamwita yule mtani, ambaye amesharudi kutoka msibani na kukaa benchi la mbele. Akarudia pingamizi lake hapo hapo alipokaa, neno kwa neno, uso mkavu. Mchungaji akamgeukia bwana harusi, akamwambia ajibu.

"Ni kweli babu yangu alipita kwenu na mzigo," mzee wangu akasema. "Aliwakuta mmekaa. Akawaamkia, akapita, akazaa, akafa. Mimi mjukuu wake nimekuja kuoa, nimewakuta bado mmekaa. Sasa mwenye pingamizi asimame tuone kama miguu ipo."

Kanisa lilipasuka. Kaka yangu alijifuta machozi kwa mkono wa kanzu. Mtani akabaki kakaa, anatikisa kichwa, na watu wanaapa kwamba walimwona akitabasamu, jambo ambalo yeye anakana mpaka leo. Mchungaji alisubiri watulie, akasubiri tena, akatuuliza maswali ya kiapo. Mzee alisema ndiyo kabla swali halijaisha, ikabidi aulizwe upya. Pete ikakwama kwenye kifundo cha kidole changu, kidole cha jembe, tukaiacha hapo hapo kwenye kifundo.

Kisha ikaja Meza.

Nilikuwa nimejiandaa kulia. Nilibeba leso mbili. Tukasogea mbele, mzee ananishika kiwiko kwa sababu ya goti, tukapiga magoti pamoja, yeye chini kabisa, mimi nusu nusu. Mchungaji akaja na sahani. Alipofika kwangu akalitamka jina langu, jina langu la ubatizo ambalo sikuwahi kulisikia likiitwa mezani tangu nikiwa msichana, akasema mwili wa Bwana uliotolewa kwa ajili yako. Nikafungua mdomo nipokee, na badala ya machozi kikatoka kicheko. Si cha dharau. Kilitoka chini tumboni kama maji ya bomba yaliyokatika muda mrefu, yanaanza kwa kukohoa. Mchungaji alisimama na mkono hewani, akangoja, naye macho yake yanacheka. Nikatulia, nikapokea. Kilikuwa kipande chembamba, hakina ladha kubwa, kikayeyuka. Ikaja divai, kidogo tu, kali.

Tuliinuka. Mzee alikuwa bado analamba midomo yake, anatafakari. Tulipokuwa tunarudi akaniinamia sikioni.

"Ndiyo hii tu uliyokuwa unaililia?"

"Ndiyo hii," nikasema.

Akatembea hatua chache, akameza mate.

"Jumapili ijayo tuwahi," akasema. "Tukae mbele."